Wasifu wa Fundi Bartholomeo

Nalasi, Tunduru
8 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikusumbui sana kwa baridi ya huko. Mimi sijambo, ila mafua yamepiga darasa langu zima mpaka mimi mwalimu wao. Asante sana kwa unga na maharage uliyompa Mussa wa basi. Vyote vilifika.

Mama, naandika kwa sababu kwenye simu tukifika kwa baba wewe unakata. Misa ya shukrani ya kutimiza mwaka ni tarehe tisa Agosti, na baba mkubwa Rupert amenipa mimi kazi ya kusoma wasifu. Ule aliousoma yeye siku ya mazishi ninao. Unasema baba alizaliwa Peramiho, akabatizwa, akajifunza ufundi wa magari, akafungua gereji Lizaboni, akamuoa Verediana, akajaliwa watoto wanne, akawa mwenyekiti wa jumuiya miaka sita. Kweli tupu. Lakini wasifu huo unaweza kumsomea fundi yeyote wa mtaa ule.

Mbio hazimo. Unajua mwenyewe alivyozipenda zile mbio za magari mawili mawili, barabara iliyonyooka, mita mia nne, ukipepesa macho zimekwisha. Siku ya mazishi vijana zaidi ya hamsini wa mbio walisimama nje ya kanisa, kofia mkononi, wengine wametoka Mbinga na Namtumbo, na hakuna aliyewataja. Naomba ruhusa yako niandike aya moja tu. Nataka tumshukuru Mungu kwa baba mzima, siyo nusu.

Mwanao,
Recho


Lizaboni, Songea
15 Juni 2025

Mwanangu Recho,

Marahaba. Goti ni lile lile, siku hizi linanitabiria baridi kabla ya redio. Mdogo wako Careen anakusalimu, na Dastan pia, anakula kama amekodishwa. Mahindi tumeanza kuvuna, tunashukuru Mungu, mwaka huu yametoka. Kunywa tangawizi na ufunge kifua, usijifanye bado msichana.

Ruhusa sitoi. Usinune, nisikilize kwanza.

Mwaka 2012 ulikuwa kidato cha pili, uko bwenini, hatukukwambia yote. Baba yako alipinduka na ile Corolla yake kwenye mbio. Bega lilivunjika na mbavu mbili, na mimi nina mimba ya Dastan ya miezi saba. Nikaingia wodini nikijua naenda kutambua maiti. Akanishika mkono mbele ya padri aliyekuja kumpaka mafuta, akasema, "Verediana, sishindani tena mpaka nife." Padri alisikia. Alipopona aling'oa injini, gari wakapewa kuku. Mpaka leo wanataga kwenye kiti cha dereva.

Nikamwamini. Haikupita miaka miwili, Jumapili ya mwisho wa mwezi, misa ikiisha tu, "Mama Recho, nakwenda kuangalia gari la mtu." Anarudi jioni shati linanuka mpira ulioungua. Mimi siyo mtoto. Nikajua anaendesha magari ya wenzake. Sikumuuliza hata siku moja. Ningemuuliza angenidanganya, na mtu aliyefyatua tofali za nyumba hii kwa mikono yake, aliyeamka saa kumi na moja miaka yote ili ninyi msome, sikutaka kumsikia akinidanganya. Basi namwekea maji ya moto bafuni, nafunika chakula, nakaa kimya. Miaka kumi, Recho.

Namshukuru kwa mengi, jamani, usifikiri simshukuru. Hatukulala njaa hata siku moja, na hakuwahi kuniinulia mkono wala sauti. Lakini ukisoma mbio kanisani, mbele ya watu wanaojua aliapa, mimi natoka nje na goti langu hili hili.

Mama yako,
Verediana


Nalasi
6 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, tangawizi imefanya kazi. Poleni na mavuno.

Tafadhali kaa chini kabla ya kuendelea kusoma.

Wiki iliyopita amekuja hapa Nalasi kaka mmoja anaitwa Sefu, dereva wa lori kule Tunduru mjini, amekuja kupulizia dawa mikorosho ya familia yao. Aliposikia naitwa mwalimu Recho wa fundi Bartholomeo, alivua kofia akanishika mkono kwa mikono miwili. Yeye ni wa mbio. Nikamuuliza bila kuzunguka: baba alikuwa anaendesha magari ya nani?

Akashangaa. "Wallahi, mwalimu, tangu ile ajali fundi hakukaa tena kwenye usukani siku ya mbio. Mimi mwenyewe nilimbembeleza aendeshe langu. Akasema, nimemuahidi mke wangu, usinirudie tena."

Mama, baba alikuwa mkaguzi wao. Wakipata kibali cha kufunga barabara, hakuna gari linalosogea kabla hajalipitia. Sefu ana video kama ishirini kwenye simu. Katika moja baba amelala chali chini ya gari la kijana fulani, anatoka anasema, "Breki hizi zitakurudisha kwa mama yako ndani ya sanduku. Zima." Kijana analalamika, baba anachukua funguo anatia mfukoni, anaenda gari la pili kana kwamba hakuna anayelia. Magari yakiwa tayari anasimama katikati yake, ananyanyua mikono miwili, anaishusha, yanachomoka na moshi wote wa matairi unamfunika yeye. Shati lilinuka kwa ajili hiyo. Sefu anasema kwa miaka yote kumi ya baba hawakuzika mtu.

Kuna video moja ambayo huwezi kuiona kwenye simu yako ya kitochi, ndiyo maana nakuandikia neno kwa neno. Kijana anamuuliza, "Mzee, mama anajua uko huku?" Baba anacheka, anafuta mikono na kitambaa. "Anajua. Hajawahi kuniuliza hata mara moja. Narudi nanuka moshi, nakuta maji ya moto na chakula kimefunikwa. Mwanamke gani mwingine angeniachia hivi? Kila Jumapili namshukuru Mungu kwa ajili yake."

Sijui nikuambie nini zaidi. Nimelia mbele ya mgeni.

Mwanao,
Recho


Nalasi
20 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Wiki mbili hujajibu, simu hupokei, Careen ananiambia tu "mama yupo." Nimekukosea? Kama barua yangu imekuumiza, nisamehe. Nitausoma wasifu wa baba mkubwa kama ulivyo, sitaongeza neno. Nataka tu kujua kama uko mzima.

Mwanao anayekuhangaikia,
Recho


Lizaboni
29 Julai 2025

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba, marahaba tena. Mimi mzima, hukunikosea chochote. Nilikuwa na aibu, basi.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikasema huyo Sefu anamfichia siri mwenzake, wanaume ndivyo walivyo. Alhamisi iliyopita lori likasimama mlangoni. Sefu mwenyewe, na kilo mbili za korosho. Hakuingia mpaka nilipomkaribisha mara ya tatu. Akaniwekea simu mkononi. Recho, nimemsikia Bartholomeo kwa masikio yangu haya. Nilimwambia Sefu arudie, akarudia mara nne, chai yake ikapoa.

Kwanza nilimkasirikia. Mwanaume gani anashindwa kumwambia mkewe neno moja, "siendeshi, nakagua"? Halafu nikajigeukia mimi. Neno moja lilinishinda na mimi pia. Miaka kumi nanyamaza kwa hasira, na yeye anadhani ndiyo ruhusa yangu. Miaka kumi nambeba moyoni kama mwongo, na yeye kila Jumapili anamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Usiku sikulala, lakini asubuhi niliamka mwepesi, sijui nielezeje. Nimekwenda kuungama. Padri alicheka kidogo, halafu akaomba radhi.

Wasifu wa Rupert acha ulivyo, ni kazi yake na ameufanya vizuri. Ila baada ya pale aliposema "mwenyekiti wa jumuiya," weka aya hii. Nimeiandika mimi, Careen amesahihisha herufi tu. Ningeisoma mwenyewe lakini sitafika mwisho, kwa hiyo utanisomea wewe, polepole, na usibadilishe kitu:

"Bartholomeo alipenda mbio za magari kuliko mpira, kuliko pombe, na siku nyingine nilidhani kuliko mimi. Mwaka 2012 aliniahidi hatashindana tena. Hakushindana. Aliwalinda watoto wa watu wanaoshindana, na wako hai, wengine wamo humu ndani. Mimi sikujua, kwa sababu sikumuuliza. Nilidhani ananidanganya, na nilimdhania hivyo mpaka namzika. Fundi, asante kwa nyumba, asante kwa watoto, asante kwa kutimiza. Unisamehe. Mkeo, Verediana."

Njoo mapema, Ijumaa mchana uwe umefika.

Mama yako