Mkia wa Jina Lako Kwenye Kioo

Kaka Hamadi,

Shikamoo. Nimezoea uitikie marahaba bila kuinua macho kwenye kibodi, ndiyo maana nimekaa kidogo kabla ya kuendelea kuandika.

Huku Mikumi mashine ya kukoboa inafanya kazi. Mpunga wa Kisanga umeanza kuingia, bodaboda zinashusha magunia mpaka mlangoni. Kazi yako nimepewa mimi. Tajiri alisema, "Zena, si ndiye aliyekufundisha?" Nikajibu ndiyo, halafu nikaenda nyuma ya mashine kulia.

Unakumbuka kioo cha kompyuta kilivyokuwa kabla hujakishughulikia? Kila gunia likimalizika programu iliandika mstari mpya chini, mistari ya juu inapanda mpaka inapotea, na wazee kwenye benchi wanalalamika kwamba majina yao yamekimbia. Ulikaa nayo siku mbili. Ukanionyesha namna ya kurudi mwanzo wa mstari uleule na kuandika juu yake: gunia la tatu likawa la nne palepale, jina limetulia. Yule babu wa Zombo alisogeza kiti akatazama mpaka mpunga wake ukaisha.

Ukaniambia, "Zena, kioo hakijifuti. Futa mstari kwanza, ndipo uandike." Maana maneno mapya yakiwa mafupi, mwisho wa yale ya zamani unabaki unaning'inia. Nilisahau kila mara. Ukawa unaniita mfagiaji wa nusu chumba.

Sasa sikia nilichofanya. Kila asubuhi programu ikiwashwa, kwenye nafasi ya fundi wa zamu inaandika jina lako kwanza, Hamadi Kibwana, kwa kuwa ndivyo ulivyoipanga. Siku niliyorudi kutoka mazishini niliandika langu juu yake bila kufuta. Langu lilifunika herufi nne tu. Zenadi Kibwana, ndivyo kilivyosomeka kioo.

Kosa nililiona palepale. Kulirekebisha ni kazi ya dakika mbili, na nilishindwa mpaka arobaini yako ikapita. Niliona nikifuta, nitakuwa nimekutoa hapa kwa mkono wangu mwenyewe. Wateja walinitania kwamba nimebadili jina. Nikawaacha waseme.

Juzi mama yako alikuja na magunia mawili. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa benchi. Nikamwona anasoma kioo taratibu, midomo inacheza. Nilidhani atafarijika. Gunia la kwanza lilipokwisha akaniita.

"Zena mwanangu, liondoe. Mimi nilimzika mzima. Hapa namkuta kipande."

Niliona aibu, Kaka. Muda wote ule nilikuwa nalia kwa ajili yangu, yeye sikumfikiria hata siku moja.

Nikakaa kwenye kiti chako, nikauongeza ule mstari wa kufuta. Sikukosea. Nilipoiwasha programu upya, jina lako likatokea zima, na mama akasimama nyuma yangu. Tulilitazama pamoja. Sikumharakisha. Aliponigusa bega nikabonyeza, nafasi ikawa tupu, kisha Zena, basi. Mama akarudi kwenye gunia lake, akafungua kamba, akasema nimalizie la pili.

Nyumbani nimeshindwa kula. Nakukumbuka sana, na sijui nimuulize nani mambo ninayokwama.

Lakini pale mwanzo sijapagusa, wala sitapagusa. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa wateja, kioo kitakuandika wewe kwanza, jina lako lote. Nitakuamkia. Nitangoja kidogo, kama vile utaitika.

Kisha nitafuta mstari, ndipo niandike. Hilo nakuahidi. Pumzika, Kaka.

Mwanafunzi wako,
Zena