Parseli ya Gitambi

Jumatatu, 3 Juni
Gitambi tena, mara ya tatu, kuangalia parseli, shamba tunalotaka kununua. Nimechimba shimo mpaka magotini: udongo mweusi, laini. Mvua imekata wiki mbili sasa, chemchemi haijapungua. Jua linapiga kilima tangu asubuhi, pano ya umeme wa jua itashiba. Migomba, maharage, mbuzi, maji yetu, taa yetu. Hatutamuomba muntu kitu.

Mama mzee mwenye shamba alieleza mengi kwa Kinyarwanda. Nikaitikia kwa kichwa. Yego, yego: ndiyo, ndiyo. Miaka arobaini ya Bukavu, kule Kongo, lugha ya baba yangu inanipita hivi hivi! Bibi yangu, mama ya watoto wangu, amekulia hapa Rusizi, alitaka kunisindikiza. Nilikataa. Mwanaume mzima, nitafsiriwe?

Jumatano, 5 Juni
Bibi yangu anapenda ile parseli ingine, ya Giheke. Ndogo, imebanwa na majirani. Ameniuliza jambo moja tu:
"Papa Furaha, uliuliza kama banakubali kujenga kule?"
"Niliuliza."
Uongo. Ulitoka mbio. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Nimejichukia.

Alhamisi, 6 Juni
Kesho tunatia sahihi ya kununua Gitambi, mimi na yeye. Leo ningeweza kumwambia ukweli. Nimeongea habari za mbuzi.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Aibu tupu.

Ofisi ya sekta, mashahidi wamejaa kwenye benchi. Karani akasoma karatasi ya shamba. Aliponiona nimekodoa macho, akarudia kwa Kiswahili, polepole, kama kwa mtoto: hii ni ya kulima tu, nyumba marufuku, hata kibanda cha kulala. Mama mzee akashika mdomo. Kumbe alinieleza mara mbili, nami nikaitikia! Wote wakanigeukia. Nilitamani sakafu inimeze.

Bibi yangu akamwambia karani, "Tulijua, Mzee. Tulitaka ya kulima. Acha tufikiri kwanza."
Amenifichia aibu mbele ya watu. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa nimemwambia yote. Kwamba sikuelewa, sikuuliza, niliogopa kuchekwa.
"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilingoja useme mwenyewe."


Kesho tunaenda Giheke pamoja. Nimeandika maswali saba kwa Kinyarwanda, nimempa anisahihishe. Amekata karibu kila neno. Hakucheka. La kwanza ni kama tunaweza kujenga.