Kichwa Kikavu Hakiingii Majini

Tirur, 20 Juni 2004

Kwa mwanangu Jasila,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza kelele zake za msimu wa mvua. Wewe je, unakula? Wali wa bweni unaiva, au mnatafuna mchele? Jirani yetu Kadiyumma anakusalimu, na anauliza kama ni kweli umeajiriwa kuwamwagia watu maji.

Barua yako ilikuwa fupi kama tangazo la serikali. Eti umepata kazi "kitengo cha maji" kwenye bustani ya michezo huko Aluva. Kitengo cha maji ndiyo nini? Nikikuuliza kwa simu ya Kadiyumma mtaa mzima utasikia, kwa hiyo nakuuliza kwa kalamu. Watu chungu nzima wanaingia maji hayo tangu asubuhi, na jasho lao, na nguo zao, na watoto na mambo yao ya watoto. Kesho wanakuja wengine. Maji ni yale yale? Nani kayaosha? Na maji yanaoshwa kwa nini, mwanangu, ikiwa yenyewe ndiyo ya kuoshea?

Kisima chetu nakijua. Chini tumezamisha ubao wa mti wa nelli unaoyatia maji utamu, na ndani tumefuga samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ninyi mna samaki wangapi?

Usisahau tulivyopatana. Utafanya kazi hiyo mpaka Idi ya Kuchinja. Nikiridhika utabaki, nisiporidhika utarudi nyumbani. Marehemu babu yako alitunza birika la msikiti mpaka anakufa, na alitufundisha kwamba maji mengi hayanajisiki mpaka kibadilike kimoja katika vitatu: rangi, ladha au harufu. Sitaki mwanangu ale riziki ya maji machafu. Nieleze yote, wala usinipake mafuta.

Umma wako


Aluva, 4 Julai 2004

Kwa Umma, mama yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, nakula, na wali unaiva isipokuwa Jumatatu. Goti lisugue na mafuta ya moto, na usipande ngazi ya dari.

Maswali yako yamenifurahisha, kwa sababu na mimi nilifika hapa nayo hayo hayo. Ndiyo Umma, maji ni yale yale. Mimi nimepewa mchezo unaoitwa Mashua za Pangoni. Watu wanakaa ndani ya mashua, mkondo unawapeleka mpaka mlango wa pango, hapo maporomoko yanawamwagikia kichwani, wanapiga kelele, wanazunguka gizani, halafu mashua inaporomoka bwawani na kurusha maji juu kama nyangumi. Maji ya bwawa hilo ndiyo yanayopandishwa tena kwa pampu.

Lakini kabla hayajapanda, yanapita kwangu. Kwanza kwenye vikapu vya chuma. Hapo nakuta vibanio vya nywele, maua ya asumini, kandambili, na siku moja meno ya bandia, na mwenyewe hakurudi kuyadai. Kisha yanaingia kwenye mapipa makubwa yaliyojaa mchanga. Mchanga unakamata uchafu, maji yanatokea chini. Mchanga ukichoka tunayasukuma maji kinyume, toka chini kwenda juu, uchafu unafumuka na kutupwa. Mwisho tunayatia klorini, ile dawa nyeupe waliyotia visimani mwaka wa mafuriko. Kila saa nachota maji kwenye kichupa, natia matone, na rangi inaniambia kama dawa imebaki ya kutosha.

Samaki hatuna. Klorini ingewaua.

Binti yako Jasila


Tirur, 25 Julai 2004

Kwa Jasila,

Salamu nyingi. Goti limenyamaza. Sisi sote wazima, mbuzi amezaa.

Barua yako nimeisoma kwa sauti barazani, na Kadiyumma akasema, "Yaani maji yanayomuua samaki ndimo wanamotiwa watoto wa watu?" Wajua nisivyopenda kumkosea Kadiyumma jibu. Nipe.

Na pili. Nakumbuka kisima mwaka ule wa mafuriko kilinuka dawa mpaka chai haikunyweka. Sasa nikija mimi nikasikia bwawa lako linanuka, hiyo si harufu iliyobadilika? Babu yako angesemaje?

Mapango yana giza, umesema. Mahali pa giza na unyevu panaota utelezi. Nani anapasugua?

Umma wako


Aluva, 12 Septemba 2004

Kwa Umma,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na mwana wa mbuzi pia. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi ya sikukuu ya Onam. Nilikuwa nalala na viatu.

Mwambie Kadiyumma kwamba samaki anapumua majini, na watoto wa watu wanapumua hewa. Dawa ni kidogo sana, na sisi ndio tunaopima. Pangoni tunapasugua wenyewe kabla ya kufungua, kwa brashi, tumevaa taa kichwani. Utelezi huo ukiuacha siku mbili unakuwa zulia.

Ila swali lako la harufu ndilo linaloninyima raha. Umma, hili hata mimi sikulijua. Klorini ikiwa safi hainuki sana. Inayonuka ni ile iliyokwisha kupigana na jasho na mkojo ikachoka. Watu wakisikia harufu kali husema, "Ah, hapa pasafi!" Kumbe ndipo pachafu. Babu angekuwa na haki.

Na Mashua za Pangoni zilinuka wiki nzima ya Onam. Nilitia dawa, ikaliwa. Nikatia tena, ikaliwa. Maji yakawa na ukungu. Nikadhani ni wingi wa watu. Lakini juzi yamekuja mabasi ya shule kutoka Bangalore, watoto wengi kuliko hata siku ya Onam, na maji yakabaki yanameta. Kwa nini? Watoto wa Bangalore hawakojoi?

Jasila


Tirur, 3 Oktoba 2004

Kwa Jasila,

Waalaykum salaam. Tu wazima. Swali lako limeifanya baraza yetu kuwa chuo kikuu. Kadiyumma anasema watoto wa Bangalore wana adabu. Mke wa fundi cherehani anasema ni karamu ya Onam, watu wamekula vyakula vyote vile kwenye jani la mgomba halafu wakarushwarushwa na mashua. Mimi nasema kuna kitu wa hapa wanacho na wa Bangalore hawana. Kitafute.

Lakini harufu ni harufu. Idi ya Kuchinja haiko mbali, na mimi nahesabu.

Umma wako


Aluva, 21 Novemba 2004

Kwa Umma,

Idi mubarak tena. Samahani sikuja Idi hii ya Fitri. Biriani yako niliiota.

Siku ya Idi harufu ilirudi, kali mpaka watu wanafuta macho. Bwana Kuriakose, mkubwa wangu, akasema, "Acha, wageni wanapenda, wanaona tunatumia dawa." Nikamwambia siwezi kuacha. Akasema basi nilete sababu, siyo pua.

Nimefungua pipa la mchanga mwenyewe. Mchanga unanata, Umma. Umeshikana mabonge mabonge kama sufuria iliyokaangiwa papa, kwa hiyo hauchuji. Ni grisi. Kila mtu anamtazama Sugathan, fundi wa mnyororo unaopandisha mashua, kwamba ndiye anayemwaga grisi majini. Sugathan anaapa kwa watoto wake. Tumeukagua mnyororo wote, grisi iko mahali pake. Anaweza kufukuzwa, na mimi siamini kuwa ni yeye. Na kama sijui grisi hii inatoka wapi, hii kazi yangu ni ya kujidanganya, na bora nirudi.

Jasila


Tirur, 1 Desemba 2004

Kwa Jasila,

Salamu kwako. Usilie kwa ajili ya mchanga. Nina habari nzuri: tunakuja! Akina mama wa mtaa tumekodi basi, Jumapili ya tarehe 12. Nitaona kwa macho yangu, nitanusa kwa pua yangu, na siku hiyo hiyo nitakuambia kama unabaki.

Kadiyumma anaogopa mafua, maana maporomoko yanamwagika utosini. Nimemwambia asihofu. Kichwa kikavu hakiingii majini, hata mtoto mchanga anajua. Nimechemsha chungu kizima cha mafuta ya nazi na rehani na pilipili manga, tutapakana ndani ya basi mpaka yachuruzike, kama walivyofanya binti zake Kadiyumma walipokuja huko siku ya Idi. Wala hawakupiga hata chafya.

Umma wako


Aluva, 6 Desemba 2004

Umma!

Salamu baadaye. Ni mafuta! Nimesoma barua yako nimesimama, nikakimbia mpaka kwenye pipa, nikausugua mchanga mkononi na kuunusa. Nazi, Umma. Nazi na rehani. Kikulacho ki nguoni mwako! Hapa kwetu nani huoga bila kupaka mafuta kichwani kwanza? Siku za sikukuu watu wote wa hapa wanakuja wametoka kupaka, maporomoko yanawaosha, mafuta yanashuka mchangani. Wa Bangalore walipaka tangu jana yake, au hawapaki.

Bwana Kuriakose alinicheka, kisha akajishika nywele zake mwenyewe, akanusa vidole. Sugathan amenikumbatia mbele za watu, nisamehe. Kuanzia leo kuna mabomba ya kuogea mlangoni, na maji yake hayaendi bwawani. Kila mtu anaosha kichwa kwa sabuni ndipo apande mashua. Mlangoni nasimama mimi.

Kwa hiyo nakuomba, Jumapili msipake.

Jasila


Aluva, 14 Desemba 2004

Kwa Umma wangu,

Natumaini mlifika salama. Natumaini goti halikuumia kwa kukaa kwenye ukuta ule.

Sijalala vizuri tangu Jumapili. Uliposhuka basini mafuta yanakutiririka mpaka shingoni, nilisimama katikati ya mlango. Uliponiambia, "Sogea, mwanangu, mimi ni mama yako," mbele ya mtaa mzima, nilitamani kusogea. Niliona aibu na nilikuonea huruma. Lakini nyuma yako kulikuwa na foleni, na wote walikuwa wananitazama mimi.

Kadiyumma na wenzake wakaosha, wakapanda mara tatu. Wewe ukakaa nje ukutani mpaka alasiri, ukapanda basi hukuniaga. Niandikie hata matusi.

Jasila


Aluva, 2 Januari 2005

Kwa Umma,

Salaam. Sijapata jibu lako. Krismasi na mwaka mpya watu walifurika, na maji yalikuwa meupe, hayanuki. Nilifikiri ungependa kujua.

Idi ya Kuchinja imekaribia. Nimeanza kufunga mizigo, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Jasila


Tirur, 9 Januari 2005

Kwa mwanangu Jasila,

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Mimi mzima, goti zima, kilichougua ni kichwa. Nilikasirika, mwanangu, nilikasirika hasa. Barua yako ya kusema tusipake niliipata kabla ya safari, nikaisoma, nikajisemea hayo ni ya watu wengine. Mimi nimemzaa mwenye mlango.

Kadiyumma njia nzima alikuwa anasifu mashua zako, nikamwambia anyamaze. Mpaka leo ananihadithia alivyopiga kelele.

Jumatano nilipaka mafuta nikaoga kama kawaida, kwenye lile beseni kubwa la kufulia. Nilipomaliza sikuyamwaga maji. Nilivuta kigoda nikayatazama. Mafuta yote yalikuwa yanaelea juu, yanang'aa rangi rangi, na hayo ni ya kichwa kimoja cha mwanamke mmoja. Nikakaa hapo mpaka maji yakapoa.

Nikamkumbuka babu yako. Siku moja alikuja ndugu yake wa damu, mtu mzito wa mji, na matope miguuni, akataka kukanyaga ngazi ya birika. Babu yako akamziba njia kwa kata ya maji. "Osha kwanza." Ndugu yake akasema, "Hata mimi?" Akajibu, "Hasa wewe, maana wewe wakikuona watakufuata." Hawakusemezana mwezi mzima. Sisi watoto tulimwona babu yako ana roho ngumu.

Sasa nikuambie ukweli. Ungenipisha Jumapili ile, ningefurahi, ningejisifu basini mpaka Tirur. Na Idi ingefika ningekuja kukuchukua, kwa sababu maji hayakuwekewa mlinzi. Fungua mizigo.

Rangi na harufu Kadiyumma amenishuhudia, lakini ushahidi wa Kadiyumma unaujua. Nakuja mwenyewe Jumamosi, peke yangu. Sabuni yenu ya bomba sitaki, inakausha nywele. Nitakuja na unga wangu wa choroko, nitaosha hapo mlangoni pako wewe ukinitazama, nipite na kichwa kikavu, bila hata tone la mafuta. Nikipata mafua, utakuja kuniuguza.

Umma wako