Utani wa Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Leo wanaume wa gereji wamepita mpaka. Mlango wa stoo ya spea siku zote umejaa picha zao za wanawake uchi. Nimezoea kupita nikiangalia sakafu. Leo mmoja wa wanawake hao ana kichwa changu! Wamekikata kwenye picha ya sherehe ya wafanyakazi, wakakibandika. Fundi mwanamke hapa gereji ni mimi peke yangu. Nikamwita msimamizi. Akacheka mpaka akashika kiuno. Eti ni utani tu, dada, usiwe na moyo mwepesi. Gundi bado ilikuwa kwenye vidole vyake.

Sikulia. Nikamalizia breki za lori.

Alhamisi, 14 Machi
Nimepeleka malalamiko baraza la kazi. Mama mdogo anasema niache, maji yakimwagika hayazoleki. Nani kasema nataka kuyazoa? Nataka yamlowanishe mtu.

Jumanne, 9 Aprili
Barazani. Wakili wa gereji ana sauti tamu kama mtangazaji. Picha ni maoni, kasema, na maoni yana uhuru wake. Tena kaumia nani? Hakuna aliyeguswa! Wakili wangu, mafua yamembana, akapenga kamasi kwanza. Mtu akikutana na mwili wake umevuliwa nguo kila anapofuata spana, kasema, hapo usawa wa kazi uko wapi? Mwenyekiti akauliza, basi tuwafunge watu wote midomo? Wakabishana mpaka saa ya chakula. Wote wanauzungumzia mlango, hakuna aliyeuona! Nikamnong'oneza wakili: uletwe. Mwenyekiti kakubali.

Jioni nimeufungua mwenyewe, bawaba moja baada ya nyingine. Msimamizi kasimama pembeni. Raha niliyoipata! Mungu anisamehe — ila asifanye haraka.

Jumatano, 10 Aprili
Naandika koridoni, tuko mapumziko. Mlango umeshaingizwa, umefunikwa shuka. Mwenyekiti kaniuliza kama nataka wasikilizaji watoke kabla haujafunuliwa. Heshima ni yangu, niamue mimi. Nijibu tukirudi.

Msimamizi kanifuata hapa kwenye benchi, jasho linamtiririka.

"Dada, waambie watoke. Mama yangu yumo mle. Kaja kuniombea dua."

"Si utani? Mwache mama naye acheke."

"Nakupigia magoti, dada."

"Piga. Sakafu imepigwa deki."

Na kweli kapiga! Wakili wake akamwita, akaondoka anajipangusa.

Nimeshaamua. Wabaki wote! Wataniona na mimi — basi, waone. Mwenye aibu si mimi.

Karani anatuita. Bibi mmoja katoka msalani anapapasa ukuta, kanishika mkono. Hanijui.

"Mwanangu, nikalishe mbele kabisa. Macho yangu haya mabovu. Nataka niione hiyo picha wanayomsingizia mtoto wangu, yule msimamizi wa gereji."

Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia mstari huu. "Ahsante, mwanangu. Mungu atakulipa." Kaung'ang'ania mkono wangu wa kushoto, hauachii. Karani anaita mara ya pili —