Uzi wa Mtoto Mwingine

3 Februari

Mama, shikamoo. Nimefika salama, uchovu tu wa safari. Hofu yangu ni mgongo wako.

Kituo kina watoto arobaini na mmoja na mabafu mawili. Sisi wa kujitolea tunaamka alfajiri, tunaogesha, tunachana nywele, tunatafuta viatu vinavyopotea mguu mmoja mmoja. Mpishi husema mgeni njoo mwenyeji apone, kisha ananikabidhi sufuria nisugue.

Mjukuu wako wa barua bado sijamwona. Wanasema nivute subira.

Kitindamimba wako

20 Februari

Kitindamimba, marahaba. Mgongo unakwenda hivyo hivyo, uzee hauna dawa.

Barua yako nimeisoma mara mbili na naona imekwepa jambo. Mtoto ninayemfadhili mwaka wa sita huu, mnalala nyumba moja, hujamwona? Amejificha uvunguni? Lile gauni nililokupa limemkaa? Unajua kila mwaka hujipima kwa uzi, utosini hadi kisigino, akautia kwenye bahasha nami nikakata kitambaa. Nataka kujua pindo limefika wapi. Usinifiche kitu.

Mama

9 Machi

Mama, shikamoo. Nisamehe kukawia. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana.

Mtoto wako hayupo. Mjomba wake alikuja kumchukua miaka miwili iliyopita, wakahamia mbali, na hakuna aliyekujulisha. Mlezi mkuu aliogopa ungeacha kufadhili. Anayekuandikia ni msichana mwingine, wa miaka kumi. Yeye hana mfadhili. Siku ya barua, wenye wafadhili hukaa mezani na kalamu, wasio nao hupelekwa kufagia uwanja. Barua yako ilipofika ikakosa mwenyewe, akaomba aijibu yeye. Mlezi akakubali, mradi aweke jina la yule aliyeondoka.

Gauni limemkaa sawasawa, Mama, pindo liko chini kidogo ya magoti. Lakini nilipomvisha alinishika mkono. Akaniuliza, "Utamwambia bibi?" Nikamjibu sijui. Mlezi ameniomba ninyamaze kwa faida ya wote, nimeshindwa. Nina hasira na kila mtu hapa, hata na huyu mtoto, na hilo linanitia aibu.

Kitindamimba

2 Aprili

Mama, shikamoo. Wiki tatu sasa, kimya. Mtoto nimemwambia kwamba unajua, na anasimama getini kila siku ya posta. Gauni amelikunja, amelirudisha kabatini kwangu, anasema si lake. Chonde, andika hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Kitindamimba

17 Aprili

Kitindamimba, marahaba. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira. Nimedanganywa miaka miwili kwa mkono wa mtoto, na mtu mzima amekaa pembeni anatazama. Huyo mlezi nimemwandikia barua yake peke yake, na aisome akiwa amekaa. Nataka aniambie yule wa kwanza yuko wapi na yuko katika hali gani. Siwezi kumwacha hivi hivi.

Kisha nikazitoa barua zote, nikazipanga juu ya meza ya kukatia. Mimi ni fundi, mwanangu. Uzi wa mwaka juzi ulikuja mfupi kuliko wa mwaka uliotangulia, na mtoto hapungui kimo. Niliuona. Nikasema labda umekatika njiani, nikashona. Basi na mimi nilijidanganya, tusimtwishe mtoto mzigo wote.

Yule wa kwanza alikuwa na adabu zake, shikamoo na asante. Huyu wa pili, baba yenu alipofariki, aliniuliza kama nimelia. Nyinyi watano mlikuja, mkapanga viti, mkapokea wageni, mkaondoka. Hakuna aliyeniuliza. Silaumu, ila ndivyo ilivyokuwa. Nilimjibu kwamba sikulia siku ya maziko, na wakati naandika maneno hayo ndipo nikalia, mpaka karatasi ya kwanza ikaharibika.

Mrudishie gauni lake. Mwambie limepimwa kwa mwili wake, si kwa wa mtu mwingine. Na uniandikie jina lake haraka, maana nimeshashika kalamu na sijui nianze vipi.

Mama