Darasa la Mwalimu Tena

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na shemeji ameacha kubishana na daktari wake. Sisi huku wazima. Watoto wanakula na kuvunja vyombo kama kawaida. Mimi tu ndiye niliyechoka, na uchovu wenyewe si wa mwili.

Jumanne nilitumwa kukagua somo la kusoma, darasa la pili. Wewe uliyefundisha madarasa ya chini miaka thelathini utanielewa. Nilikuwa na fomu ya kurasa sita, na kabla sijakaa kwenye kile kiti cha mtoto, mwalimu mkuu alikwisha kuniuliza mara mbili kama nitakunywa chai. Katikati ya somo akarudi kuuliza. Nikamwambia hapana. Akaileta.

Mwalimu mwenyewe ni kijana nadhifu, shati limenyooshwa hadi kola. Watoto wanamwita Mwalimu Tena, na haikunichukua dakika tano kujua kwa nini. Anasoma sentensi, darasa linaitikia kwa sauti ya kupasua bati, anasema "Tena," wanaitikia, "Tena," wanaitikia. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikazunguka kati ya madawati. Msichana mmoja wa nyuma alikuwa akisoma habari za kuku wanaotaga, haraka, bila kukosea hata neno, na kitabu chake kimefunguliwa ukurasa wa mvua. Jirani yake vivyo hivyo. Nikaomba chaki, nikaandika ubaoni neno "kamba". Watoto arobaini na wanane, kimya. Mmoja akajaribu "mama".

Dada, nilikasirika. Kengele ilipolia nilimkalisha yule kijana nikamsomea mashtaka yote: kwamba hafundishi kusoma bali kukariri, kwamba mwaka mzima wa watoto wa watu umepotea. Akafungua droo akatoa ripoti ya ukaguzi wa mwaka jana. Alisema mwanzoni alikuwa akifundisha silabi, polepole, mwalimu mkuu akamwonya kwamba wakaguzi wanapenda darasa linaloitikia. Siku ya ukaguzi akawaitikisha, akapewa "bora sana". Tangu hapo hakuona sababu ya kubadilisha.

Sahihi ilikuwa yangu.

Nikuambie ukweli. Siku ile sikuingia darasani. Nilikuwa na shule nyingine mbili za kumaliza, nikasimama dirishani dakika chache, nikasikia zile sauti, nikaenda kujaza fomu ofisini kwa mwalimu mkuu. Niliandika kwamba wanafunzi wote wanasoma kwa ufasaha. Sikuwa nimemsikiliza hata mmoja.

Nilimwomba yule kijana radhi. Akajibu tu kwamba radhi yangu haitawasomesha wale watoto, na ni kweli. Jana nimempelekea mkuu wangu ripoti mpya, pamoja na barua ya kueleza kwamba ile ya kwanza niliitunga. Ameniambia nikae nyumbani hadi nitakapoitwa.

Sasa nakuomba, goti likikuruhusu, uje wiki mbili umsaidie kijana huyu kuanza upya na silabi. Amekubali. Nilimtahadharisha kwamba dada yangu ni mkali. Akasema afadhali mkali, mradi aingie darasani.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote. Mama usimweleze bado, nitakuja mwenyewe.

Mdogo wako,
Kiherehere