Papa yangu mu syllabus ya Prof

Larissa, uko wapi? Niko nje ya classe ya anglais.

Unakumbuka kaye yangu, daftari ya anglais? Ile niliandikaka maneno ya anglais na maana yake mu Swahili? Prof Nephtali aliiomba, eti atakosoa makosa.

Leo ametugawia syllabus yake mupya, kitabu ya masomo. Jina yake ku couverture. Mu ndani ni kaye yangu. Yangu, Larissa! Hata mifano hakubadilisha. "Borrow: Tantine Pélagie alikamata sufuria yetu, hakurudisha." Tantine wetu, mu syllabus yake!

Bon. Tukafika ku "wait". Unajua niliandika nini pale: "Mama anangoja papa ku beach, pale boti zinafikia. Alipanda baleinière, hajarudi."

Akasoma kwa sauti, polepole, kama vile ni yake. Benie, ule anakaaka mbele, akamuuliza: "Prof, papa yako alirudi?"

Akashusha macho. "Hapana. Alikufa."

Alikufa! Miaka tatu, kwetu hakuna mutu alithubutu kusema ile neno. Mama iko anamuwekea sahani kila siku.

Ameiba papa yangu, akamuua mbele yangu, na classe nzima ikamupa pole. Yeye!